Namna ya kutofautisha elektroliti zenye nguvu, elektroliti dhaifu na vitu visivyo elektroliti: mwongozo kamili

Swali la kupanga vitu katika makundi haya matatu huonekana la alama za bure, kumbe ndilo linalowanyang'anya wanafunzi wengi alama. Sababu ni kwamba mtu huangalia sifa ya kitu mtaani badala ya kuangalia fomula yake. Asidi inayounguza anaiita yenye nguvu. Kitu kinachomumunyika vizuri anadhani lazima kipitishe umeme. Akiona OH kwenye fomula, moja kwa moja anaandika besi. Kila moja ya njia hizo itampatia majibu mawili matatu sahihi, kisha itamwangusha kwenye la nne.

Ipo njia ya uhakika, na haihitaji kukariri mambo mengi. Inahitaji maswali matatu yaulizwe, bila kuruka hata moja: Je, kitu hiki kinamumunyika majini? Kikishamumunyika, kinagawanyika kuwa ioni? Na kama kinagawanyika, kinagawanyika chote au sehemu tu?

Kwanza, tujue tunapima nini

Ndani ya waya wa shaba, umeme hubebwa na elektroni. Ndani ya maji, umeme hubebwa na ioni: chembe zenye chaji chanya zikielekea upande mmoja, zenye chaji hasi zikielekea upande wa pili. Elektroliti ni kitu ambacho kikimumunyishwa majini, au kikiyeyushwa kwa joto, hutoa ioni zilizo huru kutembea.

Neno "huru" ndilo la kushika. Chumvi ya mezani ikiwa kavu imejaa ioni za sodiamu na kloridi, lakini haipitishi umeme kwa sababu ioni hizo zimeshikana mahali pamoja. Ukiipasha mpaka iyeyuke, kwenye nyuzi 801 za Selsiasi, inapitisha. Ukiimumunyisha kwenye maji, inapitisha pia. Sukari haipitishi ikiwa kavu, haipitishi ikiyeyuka kwenye sufuria, haipitishi ikimumunyika kwenye chai, maana molekuli zake hubaki nzima kila hali. Na shaba yenyewe, pamoja na kupitisha umeme vizuri kiasi hicho, si elektroliti. Kinachotembea ndani yake ni elektroni, wala hakuna kinachomumunyika.

Aliyeleta hoja kwamba vitu hugawanyika kuwa ioni mara tu vinapomumunyika, hata kabla ya umeme kupitishwa, ni Msweden Svante Arrhenius, katika tasnifu yake ya mwaka 1884 pale Uppsala. Walimu wake hawakuikubali sana na wakampa daraja la chini. Mwaka 1903 hoja hiyohiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel ya kemia.

Nguvu maana yake ni sehemu iliyogawanyika, basi

Hapa ndipo penye mzizi wa mkanganyiko, kwa hiyo tukae kidogo.

Elektroliti yenye nguvu ni ile ambayo kila chembe yake iliyomumunyika imegawanyika kuwa ioni. Elektroliti dhaifu ni ile ambayo sehemu ndogo tu imegawanyika, na iliyobaki ni molekuli nzima. Kisicho elektroliti hakigawanyiki kabisa. Hakuna mahali kwenye maana hizo palipotajwa kuunguza, harufu, sumu, wala kiasi ulichotia kwenye chupa.

Chukua asidi ya haidrofloriki, HF. Inakula kioo, na ikimwagikia mwilini hupenya ngozi hadi kudhuru mfupa. Ni miongoni mwa vitu vya kutisha zaidi kwenye maabara. Hata hivyo ni elektroliti dhaifu: kwenye mmumunyo wa molari 0.1 (yaani moli 0.1 kwa kila lita), karibu asilimia 8 tu ya molekuli zake ndizo zilizogawanyika. Anayepima nguvu kwa ukali wa kuunguza atakosa hapa kila mara.

Jambo la pili linalochanganywa na nguvu ni mkolezo. Asidi ya haidrokloriki ukiizimua kwa maji mengi bado ni yenye nguvu, kwa sababu kile kidogo kilichomo kimegawanyika chote. Siki ukiikoleza vipi, asidi ya asetiki iliyomo bado ni dhaifu. Kwenye molari 0.1, asidi ya asetiki imegawanyika kwa asilimia 1.3 hivi. Ukiizimua mara mia, mpaka molari 0.001, sehemu iliyogawanyika inapanda na kufika kama asilimia 12.5. Wengi hushangaa: imekuwaje asidi dhaifu ikagawanyika zaidi ilipozimuliwa? Ni kwa sababu ioni zikiwa zimetawanyika kwenye maji mengi, nafasi ya kukutana tena na kuungana inapungua. Lakini jumla ya ioni kwenye kila lita imeshuka, kwa hiyo mmumunyo huo uliozimuliwa unapitisha umeme kidogo kuliko ule wa mwanzo. Asilimia imepanda, idadi imeshuka. Ukilielewa hilo, umeelewa nusu ya mada.

Ndiyo maana mlinganyo wa elektroliti dhaifu huandikwa kwa mshale wa pande mbili:

CH₃COOH ⇌ CH₃COO⁻ + H⁺

Hali iliyomo ni kama kituo cha daladala: kila wakati wapo wanaoshuka na wapo wanaopanda, lakini idadi ya waliosimama kituoni haibadiliki. Kwa elektroliti yenye nguvu mshale ni mmoja tu:

HCl → H⁺ + Cl⁻

Na kwa kisicho elektroliti hakuna ioni ya kuandika. Sukari iliyo ngumu inakuwa sukari iliyomo majini, na fomula inabaki ileile pande zote mbili:

C₁₂H₂₂O₁₁(s) → C₁₂H₂₂O₁₁(aq)

Hatua ya 1: Soma fomula, ujue ni kitu cha aina gani

Kabla ya kugusa betri au balbu, soma fomula. Jiulize inaanza na nini.

Ikianza na metali, au na amoniamu (NH₄), karibu kila mara ni kampaundi ya ioni: chumvi au haidroksidi. NaCl, KNO₃, CaCl₂, Na₂CO₃, NaOH. Angalia sana NH₄Cl na NH₄NO₃. Hakuna metali humo, na mwanafunzi aliyeambiwa kwamba bila metali hakuna ioni atazitupa kwenye kundi lisilo elektroliti. NH₄⁺ ni ioni kamili, kwa hiyo hizo ni chumvi kama chumvi nyingine.

Ikianza na H, kama HCl, HNO₃, H₂SO₄, H₂CO₃, au ikiishia na COOH, shuku asidi. (H₂O na H₂O₂ hazimo kwenye hesabu hii.)

Ikiwa ni NH₃ au ndugu zake wenye naitrojeni iliyoungana na kaboni, kama CH₃NH₂, hiyo ni besi dhaifu. Usidanganywe na kutokuwepo kwa OH. Amonia huchukua H⁺ kutoka kwenye maji na kuacha OH⁻ nyuma: NH₃ + H₂O ⇌ NH₄⁺ + OH⁻.

Ikiwa ni ya kaboni, haidrojeni na oksijeni na haina COOH, kwa mfano sukari, glukosi, ethanoli, asetoni, gliserini, hiyo kwa kawaida si elektroliti. Yurea, CO(NH₂)₂, nayo iko hapa, ingawa ina naitrojeni iliyoungana na kaboni.

Mtego mkubwa wa hatua hii ni OH. Kwenye NaOH, OH ni ioni inayojitegemea iliyokaa pembeni ya Na⁺. Kwenye ethanoli, C₂H₅OH, oksijeni ya OH imefungwa kwa kaboni, na maji hayawezi kuifungua. Fomula zinafanana kwa macho, tabia mbalimbali kabisa. Kanuni fupi: OH iliyo jirani na metali ni ioni, OH iliyo jirani na kaboni si ioni.

Hatua ya 2: Pitisha kwenye orodha ya wenye nguvu

Hapa ndipo pekee ninaposhauri mtu akariri, na orodha ni fupi. Asidi zenye nguvu ni hizi: HCl, HBr, HI, HNO₃, H₂SO₄, HClO₄, na vitabu vingi huongeza HClO₃. Asidi nyingine yoyote utakayokutana nayo shuleni ichukulie kuwa dhaifu: ya asetiki, ya sitriki iliyo kwenye ndimu, ya fosforiki, ya kaboniki iliyo kwenye soda, HF, H₂S.

Besi zenye nguvu ni haidroksidi za kundi la kwanza (LiOH, NaOH, KOH, RbOH, CsOH) na tatu za kundi la pili: Ca(OH)₂, Sr(OH)₂ na Ba(OH)₂.

Chumvi zote zinazomumunyika zihesabu kuwa elektroliti zenye nguvu. Zote, hata zile zilizotokana na asidi dhaifu. CH₃COONa imetokana na asidi ya asetiki, ambayo ni dhaifu, lakini yenyewe ni chumvi na inagawanyika yote kuwa Na⁺ na CH₃COO⁻. Magadi ya Ziwa Magadi, ambayo sehemu yake kubwa ni kabonati na baikabonati ya sodiamu, ni hivyohivyo. Baikabonati ni besi dhaifu, lakini chumvi yake, NaHCO₃, ni elektroliti yenye nguvu. Hayo ni maswali mawili tofauti na yasijibiwe kwa pumzi moja.

Kuna chumvi chache zinazovunja kanuni. Inayotajwa zaidi ni HgCl₂: inamumunyika, lakini sehemu kubwa hubaki molekuli nzima, kwa hiyo ni dhaifu.

Na H₂SO₄ ina undani wake. H⁺ ya kwanza inaachia yote, inabaki HSO₄⁻. Hiyo ya pili inaachia sehemu tu. Ukiulizwa kundi, andika yenye nguvu. Ukiulizwa milinganyo, mshale wa kwanza uwe mmoja, wa pili uwe wa pande mbili.

Hatua ya 3: Uliza kuhusu kumumunyika

AgCl, BaSO₄ na CaCO₃ ni chumvi, ila zinamumunyika kidogo mno. Maji uliyotia unga wa CaCO₃ yatapitisha umeme hafifu. Je, ni dhaifu? Vitabu vya shule havikubaliani hapa: vingine huziweka kwenye dhaifu kwa sababu balbu haiwaki, vingine husema kile kidogo kilichomumunyika kimegawanyika chote, kwa hiyo ni zenye nguvu zisizomumunyika. Kwa maana tuliyoiweka hapo juu, jibu la pili ndilo sahihi. Kwenye mtihani andika sababu yako waziwazi: "haimumunyiki vya kutosha, kwa hiyo ioni ni chache." Msahihishaji akiona sababu hiyo ataona umeelewa.

Maji ya chokaa ni mfano mzuri wa kufundishia. Ca(OH)₂ humumunyika takriban gramu 1.7 tu kwa lita, lakini zote zilizoingia majini zimegawanyika. Ni besi yenye nguvu yenye mkolezo mdogo.

Hatua ya 4: Hakikisha kwa jaribio

Vifaa: betri nne za tochi za volti 1.5 zilizoungwa kwa mfululizo, nyaya, glasi au kopo la plastiki, na vijiti viwili vya kaboni. Vijiti hivyo vinapatikana kwenye penseli mbili zilizochongwa pande zote mbili. Usitumie misumari wala waya wa shaba kama elektrodi, maana metali yenyewe itaingia kwenye mmumunyo na kukupa ioni ambazo si za kitu unachopima. Na usijaribu kamwe kwa umeme wa ukutani. Huo unaua.

Kipimo kiwe nini? Balbu ya tochi inahitaji mkondo mkubwa, kwa hiyo haitawaka kwenye siki, na utadhani siki haipitishi kabisa. Taa ya LED, ukiiunga na rezista ya omu 330, inawaka kwa mkondo mdogo sana, kiasi kwamba hata maji ya bomba yanaweza kuiwasha kidogo. Kila moja inadanganya kwa upande wake. Kilicho bora ni multimita iliyowekwa kwenye miliampea na kuungwa kwa mfululizo, maana inakupa namba. Ukikosa, tumia LED na uangalie kiwango cha mwanga.

Maji yawe yaliyokenekwa au ya mvua yaliyokingwa moja kwa moja kwenye chombo kisafi. Maji ya kisima yana chumvi zake na yataharibu kila kipimo. Ukienda kununua maji yaliyokenekwa kwenye duka la vipuri vya magari, soma kibandiko: chupa ya maji ya kuongezea betri na chupa ya asidi ya betri mara nyingi hukaa rafu moja, na hiyo ya pili ni asidi ya salfuriki ya kuunguza.

Sasa jambo ambalo wengi huliruka: mikolezo lazima iwe sawa. Ukilinganisha kijiko cha chumvi na tone la siki, hujalinganisha chochote. Ili kupata molari 0.1, pima hivi kwa kila lita ya mmumunyo: chumvi gramu 5.85, sukari gramu 34.2, yurea gramu 6, baikabonati ya sodiamu gramu 8.4. Kwa siki yenye asidi asilimia 5, mililita 120 zilizoongezwa maji mpaka lita moja zinakaribia molari 0.1. Lita si lazima. Robo lita ya kila kimoja inatosha, gawanya vipimo kwa nne.

Anza na maji matupu, kisha sukari, yurea, siki, baikabonati, na chumvi iwe ya mwisho. Suuza elektrodi kila mara kwa maji yaleyale yaliyokenekwa. Umbali kati ya elektrodi na kina chake majini visibadilike. Toboa kipande cha kadibodi matundu mawili, pitisha penseli humo, uifunike glasi nacho. Soma namba sekunde ileile kwa kila glasi, kwa mfano ya tano, halafu toa. Ukiacha mkondo uende, viputo vitafunika kaboni na namba itashuka, na kwenye mmumunyo wa chumvi itaanza kutoka gesi ya klorini. Fanyia penye hewa.

Utarajie nini? Kwa vipimo vya maabara kwenye nyuzi 25, mmumunyo wa chumvi wa molari 0.1 hupitisha umeme takriban mara 20 ya asidi ya asetiki ya mkolezo huohuo. Asidi ya haidrokloriki hupitisha kama mara 75 ya hiyo ya asetiki. Tofauti ya chumvi na HCl isikupotoshe: zote mbili zimegawanyika zote, ila ioni ya H⁺ husafiri majini kwa kasi kubwa kuliko Na⁺. Kwa hiyo usipange elektroliti zenye nguvu kwa mwanga wa balbu ukidhani moja ina nguvu kuliko nyingine. Sukari itabaki sawa na maji matupu.

Yurea ya mbolea ni ya kutazamwa kwa karibu, hasa ukiweza kupata na CAN (mbolea ya kalsiamu amoniamu naitreti). Punje zote ni ndogo, za rangi nyeupe au kijivu, na zote mkulima anazinunua kwa ajili ya naitrojeni. Ukiziweka majini, CAN inaleta amoniamu na naitreti, ioni papo hapo, na mita inaruka. Glasi ya yurea haina mwendo, au ina mwendo mdogo sana unaotokana na uchafu wa kiwandani. Kwenye udongo, vimeng'enya huigeuza yurea kuwa amoniamu baada ya muda, na hapo ndipo ioni zinapopatikana.

Ukiwa na asidi mbili na karatasi ya pH, kuna njia ya mkato. Kwenye molari 0.1, asidi ya haidrokloriki inasoma pH 1, ya asetiki inasoma karibu 2.9. Mkolezo mmoja, pH tofauti: yenye pH kubwa ndiyo dhaifu.

Jaribu sasa kwenye pakiti ya ORS

Chukua pakiti ya dawa ya kuongeza maji mwilini inayofuata fomula ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2002. Kwa lita moja ya maji ina sodiamu kloridi gramu 2.6, potasiamu kloridi gramu 1.5, sitreti ya sodiamu gramu 2.9 na glukosi gramu 13.5. Ipitishe kwenye hatua zetu.

NaCl na KCl zinaanza na metali, zinamumunyika, ni chumvi: zenye nguvu. Sitreti ya sodiamu huwachanganya watu kwa sababu asidi ya sitriki ni dhaifu, lakini hii ni chumvi yake, inaanza na metali, inamumunyika: yenye nguvu. Glukosi, C₆H₁₂O₆, ina OH tano, zote zimefungwa kwenye kaboni, wala haina COOH: si elektroliti.

Ukihesabu chembe, lita hiyo ina milimoli 75 za sodiamu, 65 za kloridi, 20 za potasiamu na 10 za sitreti. Hizo ni milimoli 170 za ioni. Glukosi inaongeza milimoli 75 zisizo na chaji, jumla 245. Na glukosi haimo kwa ajili ya utamu: kwenye utumbo, sodiamu na glukosi huingizwa pamoja kupitia mlango mmoja, na maji huzifuata. Ukitumbukiza elektrodi zako kwenye mmumunyo huo utasoma zile 170 tu. Aliyechanganya chumvi hizo akasahau glukosi atapata namba karibu ileile kwenye mita, ilhali dawa yake imepungukiwa na kitu kinachoifanya sodiamu ifyonzwe.